Kenya: Katika mtihani wa CPA, alama ziko kwenye njia ya hesabu

Juu ya karatasi za mtihani wa uhasibu unaosimamiwa na bodi ya KASNEB nchini Kenya kuna maelekezo mafupi ambayo watahiniwa wengi huyapitisha macho tu: jibu maswali yote, alama zimeonyeshwa mwishoni mwa kila swali, onyesha hesabu zote ulizofanya kufikia jibu. Muda ni saa 3.

Maelekezo hayo hayajazi hata kiganja, lakini yanaeleza sehemu kubwa ya jambo linalowashangaza wanaoutazama mtihani huo kwa mbali. Mtu mwenye shahada ya biashara, anayefunga hesabu za kampuni kila mwisho wa mwezi na kuaminiwa na mwajiri wake, anaweza kuifanya karatasi moja mara mbili au tatu na kurudi na alama 44, kisha 46, kisha 48. Alama ya kufaulu ni 50. Mambo anayajua. Kinachomshinda ni kuyaweka mbele ya msahihishaji asiyemfahamu, asiyeweza kumuuliza alimaanisha nini, na ambaye anaruhusiwa kutoa alama kwa kile tu kilichoandikwa.

Cheti na kinachokifuata

KASNEB iliundwa na serikali ya Kenya mwaka 1969. Kabla ya hapo, waliotafuta sifa ya juu ya uhasibu walitegemea zaidi mitihani ya taasisi za Uingereza. Leo mtihani wa CPA una ngazi tatu, yaani ya msingi, ya kati na ya juu, na masomo yake yanaanzia uandishi wa kawaida wa vitabu vya hesabu hadi sheria ya kampuni, kodi, ukaguzi, usimamizi wa fedha na hesabu jumuishi za makampuni yanayomilikiana.

Anayevuka ngazi zote hupata cheti, ila cheti hicho peke yake hakimpi ruhusa ya kujitambulisha kwa herufi hizo tatu. Ni lazima asajiliwe kuwa mwanachama wa ICPAK, taasisi ya wahasibu iliyoanzishwa mwaka 1978. Na anayetaka kutia sahihi ripoti ya ukaguzi wa hesabu za mtu mwingine huhitaji, juu ya uanachama, leseni ya kufanya kazi hiyo.

Sahihi hiyo ndiyo inayoufanya mtihani uwe mgumu kwa makusudi. Benki huitazama kabla ya kutoa mkopo. Mamlaka ya mapato huitazama inapopima kodi. Wanachama wa chama cha akiba na mikopo, ambao wengi wao hawatawahi kuzisoma hesabu zenyewe, huitegemea kujua kama fedha zao zipo. Kwa upande wa mtahiniwa, gharama ya kushindwa haiishii kwenye aibu. Ada ya karatasi hulipwa upya, usajili wa bodi huhuishwa kila mwaka, na kupandishwa cheo kazini husubiri. Wengi wao ni waajiriwa wanaosoma katika madarasa ya jioni katikati ya Nairobi, Mombasa au Kisumu baada ya siku nzima ya kazi, kwa fedha zao wenyewe.

Dakika 1 na sekunde 48

Hesabu ya kwanza katika chumba cha mtihani ni ya saa. Saa 3 ni dakika 180. Karatasi ina alama 100. Kila alama, basi, ina dakika 1 na sekunde 48, na swali la alama 20 lina dakika 36. Anayetenga dakika 10 za mwanzo kusoma karatasi yote, jambo ambalo ni la busara, hubakiwa na dakika 34 kwa kila swali la alama 20.

Hesabu hii huonekana ya kitoto mpaka saa inapoanza kukimbia. Katika muundo uliozoeleka wa maswali 5 yenye alama 20 kila moja, mtahiniwa anayejibu maswali 4 kwa ustadi wa asilimia 60 na kukosa muda wa swali la tano hupata alama 48. Mwenzake, ambaye hakung’ara popote lakini alijibu maswali yote 5 kwa kiwango cha asilimia 52, hupata 52. Wa kwanza pengine ni mhasibu bora zaidi. Wa pili ndiye aliyefaulu.

Sababu ni kwamba alama za swali hazipatikani kwa uzito mmoja. Zile za mwanzo ni nyepesi: kuandika muundo sahihi wa taarifa, kuhamisha tarakimu zisizohitaji marekebisho, kutaja kanuni inayohusika. Za mwisho ndizo zinazokula muda. Dakika 15 za ziada zinazotumika kutafuta alama 2 za mwisho katika swali la kwanza zinaibwa kutoka kwenye swali ambalo lingetoa alama 8 kwa muda uleule.

Mtego mkubwa kuliko yote ni mizania isiyolingana. Mhasibu amefundishwa tangu siku ya kwanza kwamba pande mbili lazima zilingane, na kazini hatarudi nyumbani kabla ya kuipata shilingi iliyopotea. Katika mtihani tabia hiyo njema humponza. Aliyekosea hesabu moja ndani ya swali la hesabu jumuishi huenda amepoteza alama 1 au 2. Akianza kuwinda tofauti hiyo, hupoteza nusu saa. Walimu wenye uzoefu huwaambia wanafunzi waiache tofauti ilivyo, wapige mstari, wafungue swali linalofuata. Kwa mhasibu wa kweli ni ushauri unaouma.

Lori, na kosa moja lililoonyeshwa

Agizo la kuonyesha hesabu zote hueleweka vyema kwa mfano. Chukulia kampuni ya usafirishaji ilinunua lori tarehe 1 Januari 2022 kwa shilingi 6,000,000. Ilikadiria kulitumia kwa miaka 5, kisha kuliuza kwa thamani ya masalio ya shilingi 600,000. Uchakavu hugawanywa sawa kwa kila mwaka. Tarehe 1 Januari 2024 kampuni iliangalia upya makadirio yake ikaona lori lina miaka 4 mbele yake, na kwamba masalio yatakuwa shilingi 240,000. Swali linataka uchakavu wa mwaka 2024 na thamani ya lori vitabuni mwishoni mwa mwaka huo, kwa alama 6.

Njia sahihi ni hii. Kiasi cha kuchakaa ni 6,000,000 ukitoa 600,000, yaani 5,400,000. Ukigawanya kwa miaka 5 unapata 1,080,000 kwa mwaka. Baada ya miaka 2, thamani iliyobaki vitabuni ni 3,840,000. Hapo ndipo makadirio mapya yanapoingia: 3,840,000 ukitoa masalio mapya ya 240,000, ugawanye kwa miaka 4 iliyobaki, ni 900,000. Huo ndio uchakavu wa mwaka 2024, na lori linabaki na thamani ya 2,940,000.

Sasa mtahiniwa ana haraka. Katika hatua ya kwanza anasahau kutoa masalio na kugawanya 6,000,000 yote kwa miaka 5. Anapata 1,200,000 kwa mwaka; baada ya miaka 2 zinabaki 3,600,000; anatoa 240,000, anagawanya kwa 4 na kupata 840,000; mwisho wa mwaka lori lina 2,760,000. Majibu yote mawili aliyoulizwa si sahihi.

Ikiwa ameandika hatua zake, msahihishaji ataona kosa lilipozaliwa. Atakata alama ya hatua hiyo, kisha ataendelea kusahihisha kwa kutumia tarakimu za mtahiniwa mwenyewe, kwa sababu baada ya hapo kila alichofanya ni sahihi: alihesabu miaka 2 kwa usahihi, alitumia masalio mapya, aligawanya kwa miaka iliyobaki na si kwa miaka ya awali, na hakurudi nyuma kubadilisha hesabu za 2022 na 2023. Hii ni desturi ya kawaida katika usahihishaji wa mitihani ya uhasibu: kosa moja huadhibiwa mara moja. Mtahiniwa huyo anaweza kutoka na alama 5 kati ya 6.

Ikiwa ameandika tarakimu mbili tu, 840,000 na 2,760,000, msahihishaji hana cha kusahihisha. Hakuna anayeweza kujua kama ni kosa la haraka au ni mtu asiyejua uchakavu ni nini. Alama ni 0.

Katika mfano huohuo kuna kosa jingine lenye uzito tofauti kabisa. Yupo mtahiniwa anayerudi mwaka 2022 na kuhesabu upya uchakavu wa miaka yote kana kwamba makadirio mapya yalikuwepo tangu mwanzo. Tarakimu zake zinaweza kuwa safi na zimepangwa vizuri, lakini ameivunja kanuni yenyewe. Viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, ambavyo Kenya ilianza kuvitumia mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2004, vinasema badiliko la makadirio huathiri mwaka wa badiliko na miaka ijayo. Yaliyokwisha kuandikwa hayaguswi. Kumsahau masalio ni kuteleza. Kurudi nyuma ni kutojua, na msahihishaji huzitofautisha hali hizo mbili pale tu anapoiona njia.

Tabia inayodaiwa hapa si ya chumba cha mtihani pekee. Mkaguzi akiingia ofisini na kukuta tarakimu isiyo na ankara, isiyo na hati ya malipo wala karatasi ya hesabu nyuma yake, haandiki kwamba tarakimu hiyo ni sahihi au si sahihi. Huandika kwamba hakupata ushahidi.

Swali linauliza nini hasa?

Karatasi za nadharia zina tatizo jingine, na pengine ndilo linalowaangusha wasomaji hodari zaidi. Mtahiniwa amekariri kiwango cha kimataifa kuanzia aya ya kwanza hadi ya mwisho. Anapoona jina lake katika swali, hukimwaga chote.

Chukulia swali hili la alama 10. Kampuni ya mabasi ya Mombasa hufunga mwaka wake tarehe 31 Desemba. Mwezi Novemba basi lake lilipata ajali. Abiria mmoja alifungua kesi mwezi Januari, na wanasheria wanasema kuna uwezekano mkubwa zaidi kampuni ikashindwa na kulipa shilingi milioni 4. Kampuni ya bima imethibitisha kwa maandishi kwamba italipa milioni 3 endapo fidia itatolewa. Wakati huohuo wakurugenzi wamepanga kuyafanyia mabasi mengine matengenezo makubwa mwaka ujao kwa milioni 2.5. Mtahiniwa anaombwa kuwashauri wakurugenzi namna ya kuyaonyesha mambo hayo katika hesabu za mwaka ulioisha.

Kiwango kinachohusika ni IAS 37, kinachoeleza lini fedha zitengwe vitabuni kwa ajili ya deni ambalo kiasi chake au wakati wake haujulikani kwa uhakika. Masharti ni matatu: liwepo wajibu uliotokana na tukio lililokwisha kutokea, uwezekano wa kulipa uwe mkubwa kuliko wa kutolipa, na kiasi kiweze kukadiriwa kwa njia ya kuaminika. Kuyaandika masharti hayo kunaleta alama kiasi. Mtahiniwa aliyekariri huishia hapo, akaongeza historia ya kiwango, tofauti za istilahi na mifano ya kitabuni kuhusu migodi na viwanda. Kurasa mbili zinajaa. Basi la Mombasa halijatajwa.

Jibu linalotafutwa ni fupi zaidi. Tukio lililozaa wajibu ni ajali, na ajali ilitokea Novemba, ndani ya mwaka. Kesi kufunguliwa Januari hakubadilishi hilo. Kunathibitisha tu hali iliyokuwepo tayari siku ya kufunga hesabu. Wanasheria wanaona malipo yana uwezekano mkubwa na kiasi kimekadiriwa, kwa hiyo milioni 4 zitengwe. Milioni 3 za bima zionyeshwe kuwa mali kwa mstari wake wenyewe, kwa kuwa malipo hayo yana hakika kama fidia italipwa. Zisitolewe kwenye deni ili mizania isomeke milioni 1, kwani mwenye deni kwa abiria ni kampuni. Ama matengenezo, hayatengewi chochote. Wakurugenzi wamekusudia, lakini kusudio si wajibu: kampuni inaweza kubadili nia kesho, au ikayauza mabasi hayo kabla ya fundi kuyagusa.

Kila sentensi katika jibu hilo imebeba jambo kutoka kwenye kisa. Namna moja ya kujipima, ambayo haihitaji mwalimu, ni kufunika swali na kusoma jibu peke yake. Kama jibu lingeweza kubandikwa chini ya swali la kampuni nyingine yoyote bila kubadilisha neno, basi halijajibu swali.

Kisha kuna kitenzi cha swali. Kutaja si kueleza, na kueleza si kujadili. Anayeambiwa ataje hatari nne kwa alama 4 anadaiwa mistari minne. Anayeambiwa aeleze hatari nne kwa alama 8 anadaiwa mara mbili: jina la hatari, na namna inavyoweza kuleta madhara katika kampuni iliyoelezwa. Anayeambiwa ajadili anatakiwa kuleta hoja za pande zote mbili, na anayeambiwa ashauri hawezi kumaliza bila kusema fanya au usifanye. Idadi ya alama iliyoandikwa mwishoni mwa swali ni kipimo cha urefu wa jibu, na ni ajabu jinsi watu wanaopima kila kitu kwa tarakimu wanavyoisahau tarakimu hiyo.

Mtihani huu hufanyika kwa Kiingereza, Kenya kama ilivyo Tanzania. Mtahiniwa anayeweza kumweleza mwenye duka wa Gikomba, kwa Kiswahili chepesi na bila kukwama, kwa nini mauzo ya mkopo si sawa na fedha mkononi, hulazimika kuyaandika hayo kwa lugha aliyoizoea darasani tu. Vitenzi vya maswali ndipo tofauti hiyo inapouma zaidi, kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku kueleza, kufafanua na kujadili huweza kubadilishana nafasi bila mtu kudhurika. Katika karatasi ya mtihani kila kimoja kina bei yake. Wapo wanafunzi wanaokiandika kitenzi kwa lugha yao pembeni mwa rasimu kabla ya kuanza kujibu. Ni sekunde chache zinazolipa.

Sheria inapobadilika kabla ya mtihani

Karatasi ya kodi ina hatari isiyo katika masomo mengine: vitabu vyake huzeeka haraka. Kenya hurekebisha kodi karibu kila mwaka kupitia sheria ya fedha, na mwaka 2024 uliwaonyesha wanafunzi jinsi ardhi inavyoweza kuhama chini ya miguu yao.

Muswada wa fedha wa mwaka huo, uliozua maandamano makubwa ya vijana mwezi Juni, ulikataliwa na Rais William Ruto tarehe 26 Juni, siku moja baada ya waandamanaji kuvamia bunge. Aliyekuwa ameanza kuyasoma mapendekezo yake alipaswa kuyaweka kando. Tarehe 31 Julai Mahakama ya Rufaa ikatangaza kwamba hata sheria ya fedha ya mwaka 2023, iliyokuwa imeongeza kodi ya ongezeko la thamani kwa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, ilikuwa kinyume cha katiba. Tarehe 29 Oktoba Mahakama ya Juu ikaubatilisha uamuzi huo na kuirejesha sheria. Mwezi Desemba bunge likapitisha marekebisho mapya ya sheria za kodi.

Kwa mwanasheria huo ulikuwa mwaka wa kazi nyingi. Kwa mtahiniwa lilikuwa swali la vitendo: asome ipi? Jibu halipatikani kwenye vichwa vya habari. Hupatikana katika matangazo ya bodi, na katika karatasi yenyewe. Karatasi ya kodi ya KASNEB huchapisha mwanzoni jedwali la viwango vya kodi na mwaka wa mapato unaohusika, na mtahiniwa anatakiwa kutumia viwango hivyo katika maswali yote. Anayetumia viwango alivyovisoma gazetini asubuhi hiyo, hata kama ni vipya zaidi na ni vya kweli, amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Kusoma majibu si kufanya maswali

Karatasi za miaka iliyopita ndizo chombo kikuu cha maandalizi, na ndizo zinazotumiwa vibaya zaidi. Vitabu vya maswali ya zamani pamoja na majibu yake huuzwa kwa wingi. Mwanafunzi aliyechoka hufungua swali, hulisoma, hutazama jibu, hutikisa kichwa kwa kukubali, na kufungua linalofuata. Kwa usiku mmoja anaweza kupita maswali 10 hivyo na kulala akiamini amesoma. Alichofanya ni kuthibitisha kwamba majibu ya mtu mwingine yanaeleweka.

Inayofaa ni njia ya polepole zaidi. Swali moja, dakika 36, kalamu na kikokotoo, kitabu kimefungwa. Kalamu huwekwa chini muda unapokwisha hata kama sentensi iko katikati. Kisha jibu huachwa hadi kesho yake, kwa sababu mwandishi wa usiku uleule bado anakumbuka alichokusudia na atajipa alama kwa nia. Kesho hukaa kama msahihishaji na kutoa alama kwa maandishi tu. Hatua ya mwisho ni ile inayorukwa na karibu kila mtu: kuandika katika daftari dogo aina ya kosa. Je, hakujua kanuni? Alisoma tarehe vibaya? Alisahau kurekebisha gharama zilizolipwa kabla? Alikosa muda? Baada ya maswali 20 daftari hilo huanza kusema kitu, na mara nyingi husema kwamba makosa ni yaleyale matatu au manne.

Bodi na taasisi kadhaa za mitihani hutoa pia ripoti za watahini baada ya mitihani. Ni maandishi makavu, yasiyopendwa, na malalamiko yake hujirudia mwaka hadi mwaka: watahiniwa hawaonyeshi hesabu, hawasomi swali lote, wanaandika nadharia mahali palipotakiwa ushauri, wanaacha maswali bila kujibu. Anayesoma ripoti tatu mfululizo za somo lake hupata picha ya msahihishaji ambayo hakuna kitabu cha kiada kinachoweza kumpa.

Mpaka wenye milango

Kwa msomaji wa Tanzania, haya si mambo ya ng’ambo. NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, huendesha mtihani wake wa CPA. Uganda ina ICPAU tangu 1992, na Rwanda ilianzisha ICPAR kwa sheria ya mwaka 2008. Mwaka 2011 taasisi za wahasibu za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini makubaliano ya kutambua sifa za wanachama wa kila mmoja, ili mhasibu aliyefuzu Nairobi asilazimike kuanza mwanzo Dar es Salaam, na wa Dodoma asianze mwanzo Kampala. Makubaliano hayo hayakuondoa vibali vya kazi wala sheria za kila nchi, na anayehama bado hukutana na ukweli kwamba kodi ya Kenya si kodi ya Tanzania. Lakini msingi ni mmoja. Lori lile la shilingi 6,000,000 lingechakaa kwa namna ileile Arusha, Mbarara au Huye, na kesi ya basi ingeandikwa vilevile.

Mitihani ya KASNEB hufanyika mwezi Aprili, Agosti na Desemba. Kwa aliyerudi na 46 mwezi Agosti, muda kati ya matokeo na chumba cha mtihani kinachofuata huhesabiwa kwa wiki. Hazitoshi kusoma somo lote upya, na katika hali nyingi hilo si hitaji lake. Anachoweza kufanya ni kukaa na karatasi ileile iliyomwangusha, kuijibu tena kwa saa 3 kamili, na kuhesabu swali kwa swali ni wapi aliandika tarakimu bila njia, ni wapi aliacha ukurasa mweupe, na ni wapi dakika zake zilikwenda. Zinazomkosesha cheti ni alama 4.